Mbaya Kuliko Zote

Jumamosi baada ya alasiri, Mtaa wa Mkwepu,
nyuma ya duka la saa la Fidahusein
ambamo kila saa ya ukutani ina ukweli wake,
tulikaa wanne kuzihukumu sarafu za Marekani:
ipi mbaya kuliko zote?
Zetu tulizimaliza wiki iliyopita,
na kikombe kimoja kilivunjika,
kwa sababu mtu alimtukana sungura wa senti hamsini
mbele ya Kokushubira.

Mwakalinga alianza. Yeye huanza.
Akatoa nusu dola yenye kengele.
"Tazameni. Kengele yenyewe ina ufa,
na tai wao, ndege wa taifa zima, wamembana pembeni
kama inzi anayesubiri chai ipoe.
Unamwonea haya ndege? Usimchore."
Fidahusein akasema ufa ule ni historia.
"Hata sufuria yangu ina historia."

Kokushubira, mhasibu wa bandari miaka thelathini,
hana maneno mengi, ana lenzi.
Akaisogeza dola kubwa ya mzee mwenye upara:
"Kichwa kimejaa mpaka hewa imekosa pa kukaa.
Kiazi hiki. Kimechemshwa na ganda lake."

Nami nikaweka yangu:
dola ndogo ya mwanamke, ya mwaka sabini na tisa.
Nje duara, ndani pembe kumi na moja,
kana kwamba mchoraji alibadili mawazo saa ya chakula.
Shingo wamemnyima, kidevu wamemzidishia.
Nyuma, tai anatua mwezini na tawi makuchani.
Mwezini! Tawi kalikata mti gani?
Na kimo chake karibu sawa na robo,
hata kwao waliitoa kwa makosa, wakailaani.
Kura tatu kwa moja.
Nilifurahi, nakiri,
kama mtoto aliyeita mwenge, ukaja mwenge.

Zamoyoni hakuja kwa ajili yetu.
Alileta saa ya mumewe, betri imekwisha.
Akaiona meza, akasema, "Hiyo mama anayo."
Kisha, "Alikuwa nayo,"
akatoa funguo za chumba chake cha cherehani,
na kati ya funguo, imetobolewa juu ya paji la uso,
yule yule mwanamke.

Bi Stumai alifua mashuka hotelini.
Mwaka wa foleni, mwaka wa unga wa yanga,
mgeni aliiacha juu ya mto.
Benki walimuuliza kaipata wapi.
Hakurudi.
Yalipokuja maduka ya kubadili fedha
alikwenda na viatu vya sikukuu,
wakamwambia, mama, chuma hatuchukui, lete karatasi.
Ndipo akampa fundi baiskeli aitoboe.

Mwakalinga alifungua kinywa.
Tunamjua: tundu, kwake, ni msiba,
sarafu imeshakufa, izikwe.
Akakifunga. Akaanza kuipangusa nusu dola yake
kwa pindo la shati, jambo tulilokatazana
tangu siku ya kwanza ya chama.

"Lakini ilikuwa hela?" Zamoyoni aliuliza.
"Hela kweli?"
Fidahusein akaitoa kwenye pete, akaiweka mizanini.
Kitabu kinasema gramu nane na nukta moja.
Mizani ikasema saba na nukta nane.
"Ilikuwa," akasema. "Hilo pengo ni tundu."
"Ingenunua nini?"
"Wakati ule? Labda kilo ya sukari.
Kama sukari ingekuwepo."
Akacheka huyo, akacheka mpaka akashika kaunta,
akalipia betri, akapanda ngazi,
tukasikia cherehani ikianza juu ya vichwa vyetu.

Kura haikurudiwa. Mimi bado nasema mbaya:
kidevu kile, pembe zile.
Katika daftari la chama imeandikwa hivyo,
mbaya kuliko zote, tatu kwa moja,
na chini, kwa penseli, mwandiko wa Kokushubira:
saba nukta nane.