Sindano kwa Mshona Kofia

Miaka thelathini na mitano nimechoma mimi.
Bafta hailalamiki. Hupokea sindano
kama mtoto apokeavyo uji, nami hupita
tundu baada ya tundu, kofia baada ya kofia,
hapa dakani kwetu Mkomani,
hata ncha za vidole zikawa ngumu kama gamba la kaa.
Sikuwahi kujiuliza bafta inasikia nini.

Kisha kope ya kushoto, ya juu, ikaota kitu.
Chokea, wakasema, kanda kwa maji moto.
Nikakanda.
Umechungulia pasipokuhusu, wakasema. Hilo sikulijibu.
Miezi mitatu likakaa, gumu, punje ya mtama,
kila mshono nikauona na kivuli chake.

Mara ya kwanza, kule bara nilikopelekwa,
yule bwana hakuketi hata kidogo.
"Kama sisimizi tu, mama."
Sisimizi huyo alikuwa na mkia wa nge.
Baridi, kisha moto, kisha kope nzima
ikajaa chachu, ukwaju ndani ya jicho.
Niliinuka kazi haijaanza,
nikarudi na uvimbe wangu, viatu mkononi.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema Shee, mume wangu,
akacheka.
Siku ile hakupata chai.

Basi juzi Jumanne, chumba cha macho, hapa hapa Amu,
namkuta tabibu ni Khuleita, binti Bi Barke wa achari,
niliyemshonea mwenyewe kanzu ya chuoni.
"Bi Zena, lala. Weka kitwa hapa.
Na usinambie huogopi."
Sikumwambia.

Kichupa cha ganzi alikifumbata kiganjani kama yai,
tukazungumza habari za mamake na goti lake
huku dawa ikipata joto la mtu.
"Hii ni chachu," akasema. "Ndiyo iliyokuchoma.
Naitia magadi, kumi kwa moja,
si yale ya maharagwe, Bi Zena, ya hospitali,
ukali uishe kabla haijafika kwako."
Papo hapo nikamwona mamake
akionja achari kwa ncha ya ulimi,
akifinya jicho moja,
akiongeza.

Tone kwanza, jichoni. Tukangoja.
Alingoja kweli, bila kutazama mlango.
Barafu ndani ya shashi, juu ya kope.
Nikaomba kuiona sindano, akanionyesha:
nyembamba, tundu lake halipiti uzi wangu wowote.
Nimeshika sindano za kila namna,
sijaona yenye haya kiasi kile.

"Chezesha vidole vya miguu.
Nitagonga hapa kwenye nyusi, wewe hesabu."
Moja. Mbili. Tatu.
Kwenye nne nikajua ameingia,
na kilichonijulisha ni mkono wake:
ulisimama.
Naujua mkono unaosimama.
Ni pale uzi unapokaza, na fundi mbaya huvuta.
Hakuvuta. Akasukuma tone, akatulia,
kope ikaumuka polepole kama unga wenye hamira,
na kila alipotaka kusonga mbele
alipitia pale palipokwisha kulala.

Iliuma. Nisimpambe mtoto wa watu.
Iliuma kama mtu apigaye hodi
akangoja kuitikiwa.
Chozi lilishuka jicho la kulia, lisilo na kosa,
akalipangusa hilo kwanza.

Kope ilipokufa, kazi yenyewe sikuijua,
nilisikia mkwaruzo tu, kama panya darini.
"Umefunzwa na nani?"
"Nilijichoma," akasema, akakunja mkono wa kanzu.
"Hapa ya baridi, tupu. Hapa ya moto na magadi.
Ile ya baridi nililia, Bi Zena. Chooni, peke yangu."

Usiku, jicho moja chini ya pamba,
nikataka kumalizia kofia ya mjukuu.
Uzi ukakataa tundu. Nikamwita Shee anitungie.
Akajidunga gumba, akaruka, akalitaja jina la mamake.
Neno nilikuwa nalo mdomoni, tamu.
Nikalimeza.
Nikalishika lile gumba, nikalifumbata
mpaka likapata joto.
Chai alipata, na sukari yake.