Stika ya Mwezi Mmoja

Wenzangu hupewa mwaka.
Mimi napewa siku thelathini,
na Februari wananipunja mbili.

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la mbolea, Mumias;
ngazi zake zinanuka gunia lililopasuka.
Karani Khasandi haniangalii usoni.
Anaiangalia kompyuta, na kompyuta inanijua:
ng'ombe wa Ekero, mwaka juzi;
trela la miwa lisilo na taa, Shibale;
na la tatu, asilolitaja,
anagongagonga tu meza kwa kalamu.
"Dereva wa hatari," asema,
kama asomaye bei ya sukari.
"Wewe ni mara mbili na nusu. Na barua ya korti?"

Barua ninayo. Nalipa.
Trei arobaini za mayai
hazimngoji mtu amalize kutubu.

Nabandua ya zamani kwa wembe.
Gundi haitoki yote.
Kona ya kioo cha Probox yangu imebaki na miraba,
mraba juu ya mraba,
kama ukuta wa nyumba waliohama watu.
Nabandika mpya, nasukuma mapovu kwa kidole gumba.

Polisi wa kizuizini hunipungia tu.
Wameshanizoea: "Pita, Bwana Mwezi."

Anikaguaye ni mwingine.

Mama Wechuli, mchoma mahindi,
kila tarehe mosi huliacha jiko lake,
huja hadi kwenye kioo, vidole vina masizi,
akaisoma tarehe kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu,
kama mtoto wa darasa la pili,
kama Wechuli alivyokuwa akisoma
kabla ya ile mvua, ile baiskeli,
kabla yangu.

Wechuli yu hai.
Mguu mmoja umebaki nyuma ya mwenzake.
Bima haikutoa hata senti ya bendeji:
siku ile stika yangu ilikuwa imekufa
siku nne.
Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi.
Nani hangoji mwisho wa mwezi?

Akimaliza kusoma, hanisalimu.
Hunipa hindi moja, la moto,
na hunitoza bei kamili.

Jana Khasandi kaniambia, mara ya kwanza akiinua macho:
"Ukifikisha miaka mitatu bila kosa,
tutakupa ya mwaka mzima, kama watu."

Nilishuka zile ngazi polepole.
Ya mwaka mzima.
Sijui kama nitaitaka.