Milimita Arobaini na Nne

Zdislava hupika mwili kila Jumatatu.
Unga wa ngozi ya nguruwe, kilo moja,
maji kilo tisa, vuguvugu, yasichemke.
Hukoroga kwa mwiko aliotoka nao kantini
siku walipofunga jiko la kiwanda wakamwambia:
chagua, mama, ufagio au maabara.
Povu huliengua kwa kijiko, taratibu.
Kiputo kimoja tu, asema, na risasi itakudanganya.

Kisha jokofuni, nyuzi nne, siku mbili.
Nje Moravia imeganda, kunguru wamejikunyata nyayani.
Ndani tofali la jeli limetulia, rangi ya chai nyepesi,
linatetema kidogo mtu akibamiza mlango.
"Paja," anasema, akilipapasa.
"Paja la mtu asiye na jina."

Mhandisi Otakar huziba masikio,
huzungumza na vitu kwa kuvipiga.
Chuma, asema, ni mkaidi mwenye kumbukumbu:
hubonyea, hubaki na kovu linalong'aa.
Kioo hakina "labda".
Kauri ya kifuani huvunjika ili usivunjike wewe,
ukiinua bamba hulia ndani kama gae mfukoni.
Na nyuzi za fulana, zile za manjano,
hushikana kama majirani waliozingira ugomvi,
hunyooka, hupata moto, hukatika moja moja,
mpaka ufike ule uzi
usiokatika.

Mlio ni mfupi kuliko neno "mlio".
Jicho halikuona kitu: tofali lilikuwepo, lipo.
Ndipo kamera inaturudisha nyuma,
sekunde moja imekatwakatwa vipande elfu hamsini,
na tunaona kilichofichwa na muda:
jeli inafunguka pango, pana kuliko risasi mara kumi,
kuta zinakimbia, zinasita, zinajuta,
zinarudi na kugongana, zinafunguka tena, kidogo,
tena, kidogo zaidi,
tuli.
Kinabaki kijinjia chembamba kama uzi wa moshi.
Nani angeapa kwamba hapa palikuwa na pango?

Leo ni zamu ya udongo wa kufinyangia:
fulana mbele, udongo nyuma, badala ya kifua.
Risasi imenaswa, imechanua uyoga wa shaba.
Otakar anapiga makofi mara moja, kama anayeua mbu.
Zdislava anaivua fulana,
anatumbukiza rula katika bonde lililoachwa.
Kanuni inasema: isizidi arobaini na nne.
Thelathini na tisa, anaandika. Imefaulu.
Lakini kidole chake kimebaki bondeni.

Bohumil wake alikuwa mpasua mawe.
Baruti ilirusha kipande, saizi ya kiazi,
kikampata ubavuni, juu ya koti la sufu.
Koti halikuchanika. Ngozi haikutoboka.
Alicheka, akala supu ya kabichi, akaongeza,
akasema mbuzi wa shangazi yake alikuwa na teke zaidi.
Usiku wa tatu bandama,
iliyokuwa imepasuka kimyakimya,
ikamalizia sentensi iliyoanzwa na jiwe.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Ya ubavu, je?

"Kuna tatizo?" anauliza Otakar.
"Hakuna. Thelathini na tisa."
Anajaza bonde, anasawazisha kwa ubao,
anaurudisha udongo kwenye joto lake;
kifua sharti kiwe bapa kabla ya kupigwa tena.

Nyumbani koti limetundikwa nyuma ya mlango.
Amewahi kulitoa juani, kwenye kibaraza,
akalipitia uzi kwa uzi, upande wa kushoto,
miwani puani, kiganja kikiwa ndani ya bitana,
akiutafuta mwanga.
Halina tundu.
Kifungo kimoja tu kimelegea,
na hicho kililegea zamani.