Hodi ya Tatu

Walikuja Jumanne, saa nne asubuhi,
saa ambayo Kimanga hubaki na wanawake, watoto na redio.
Wawili. Vizibao vya kung'aa, daftari la jalada gumu,
kalamu sikioni, viatu safi mno
kwa watu wanaodai wametoka kufukua mabomba.

Walianza kwa Mama Tulizo.
Hodi yao ilikuwa tamu, imepigwa pasi.
"Tunakagua mita za maji, mama. Mnalala wangapi humu?"
Akawaambia.
"Na mzee hurudi saa ngapi?"
Akawaambia hata hilo,
kwa kuwa mdomo uliofunzwa karibu tangu utotoni
hauna breki.

Kwa Ndimbo waliuliza jina la mbwa.
Msoma mita gani huuliza jina la mbwa?
Mbwa anaitwa Hakimu. Hakuwahukumu.
Alitikisa mkia.

Kwangu alifungua Atupele, miaka sita,
akawatajia mwenyewe, bila kuulizwa,
kwamba baba yuko Tunduma
na geti letu ukilisukuma kwa bega linaitikia.

Alhamisi, runinga ya Mama Tulizo ilitokea dirishani
na mtungi wa gesi, na pasi,
na sufuria la wali, wali ukiwa ndani.
Wali ndio uliomliza.

Mjumbe wetu Nyamizi, muuza mkaa asiyemung'unya maneno,
akatukusanya pale gereji:
kuanzia leo mgeni haulizwi hali, anaulizwa kitambulisho.
Hodi ijibiwe kwa "nani?"
Watoto hawajui kitu.
Baba yupo, amelala, hata kama amekufa.
Filimbi mbili ni mgeni, tatu ni mwizi.
Tukachanga elfu mbili mbili,
tukapachika vigae vya chupa juu ya kuta.
Kijana wa mabeseni akatimuliwa.
Mama wawili wa kanisani wakapulizwa mpaka lami na vijitabu vyao.
Binamu yake Ndimbo, katoka Songea na debe la mahindi,
aliketi juani hadi saa tisa
kwa kukosa mtu wa kuushuhudia uso wake.

Ndipo usiku ule wa mvua, umeme umekatika,
geti likagongwa.

Hodi.
Nikazima mshumaa.

Hodi.
Atupele akaning'ata sikio: "Mama, sema baba yupo."
"Baba yupo!" nikapaza sauti. "Amelala!"
Kimya. Kisha sauti ya kijana, imelowa:
"Basi mwamshe, dada. Funguo..."

Sikumsikiliza. Filimbi ilishakuwa mdomoni.
Nikapuliza mbili. Nikapuliza ya tatu.
Tochi zikawaka mlango kwa mlango,
Hakimu akabweka mara ya kwanza maishani mwake,
nikasikia miguu ikiteleza kwenye matope
na miguu mingine, mingi, ikiifuata,
halafu mvua ikafuta kila kitu.

Hodi ya tatu hakuipiga.

Asubuhi, ndani ya geti, kwenye dimbwi,
funguo zangu tatu na kile kitambaa chekundu cha Atupele.
Niliziacha jana zikining'inia nje kwenye kufuli,
nimerudi sokoni mikono imejaa.
Alizirusha juu ya vigae.
Nje ya ukuta, ndala moja, ya kushoto.

"Hatukumpata," Ndimbo alisema.
Sikujua anashukuru au analalamika.
Sikumwuliza.

Ndala niliiosha. Wiki ya tatu sasa iko barazani,
imeelekea getini.

Na kitasa? Kitasa nilibadilisha siku ileile.
Fundi nilimwomba kitambulisho.