Umeamka Mapema

Ubaoni niliandika: kinaya.
Chini yake, kwa chaki fupi kama ukucha:
kusema hili ukikusudia lile.
Wakanakili. Mmoja akauliza kama litatoka mtihanini.

Nikawaambia wafunge madaftari.
Pipeline nzima ni kamusi.
Kinyozi aliyekukwangua sikio
unamwambia, "Mkono wako una baraka."
Stima ikipotea magharibi, ghorofa saba hupiga makofi:
"Asanteni, macho yalikuwa yametuchoka!"
Na yule anayemkopa Kwamboka unga mara ya nne
huulizwa, kwa upole wa asali,
kama duka lake linafunguliwa Jumatatu.

Wakacheka. Nikanogewa.
Ukisikia sifa, nikasema, tazama nyusi kwanza.

Ndipo Musyimi akabisha hodi.
Saa mbili na dakika arobaini,
shati limelowa bega moja.
Nami, mwalimu niliyeletewa mfano hadi mlangoni,
ningeuachaje upite?
"Ahaa, Musyimi! Leo umeamka mapema."

Darasa likaangua kicheko.
Yeye hakucheka, wala hakununa.
"Ndiyo, mwalimu. Saa tisa."

Akasema foleni ilifika hadi kwa fundi viatu.
Akasema maji yalitoka saa moja na nusu, tena kwa kudondoka.
Mitungi minne, ngazi hadi juu kabisa,
kwa sababu nyanya yake hashuki tena
na hapendi kuomba.
Alisema kama anayesoma orodha ya sokoni,
kisha akaniomba ruhusa akae.

Neno langu lilitoka kinywani likiwa uongo wa mzaha.
Kabla ya kufika dawati la nyuma
lilikuwa kweli tupu,
na mimi pekee ndiye sikujua maana yake.

Niligeukia ubao. Ule mstari wangu ulitaka kuongezewa kitu.
Chaki ikavunjika. Nikafuta vumbi kwenye sketi
hadi kengele ikalia.

Jioni, lango letu lilikuwa bado limeandikwa
CHEMCHEMI, kwa rangi ya samawati, herufi za kujivuna.
Bomba la uani lilikohoa, likanyamaza.
Kwamboka, amekalia ndoo iliyofudikizwa, akaniita:
"Mwalimu, piga mbizi tu! Ila jihadhari na mamba."

Nilicheka. Ningefanya nini?
Kisha nikapanda, nikapanga mitungi karibu na mlango,
nikatega simu iniamshe
saa tisa.