Kikombe cha Tatu

Hapa Arua mwezi una sura mbili,
nami nazijua zote kwa miguu ya watu.
Tarehe ishirini na nane miguu hupita mbali na meza yangu,
viatu vimepakwa rangi, vyaelekea kwa wauza mchele.
Kufikia tarehe kumi na tano inarudi, mingine peku,
inasimama mbele ya unga wangu wa muhogo
kama iliyopotea ikaona njia.

Mimi Ayikoru nauza kile watu wanachokula
wakisubiri kingine.
Sisemi kwa uchungu. Ni biashara,
ila vumbi lake halitoki kwenye nyusi.

Mwalimu Onzima alikuwa na kipimo chake:
noti moja ya elfu kumi kwa siku tatu.
Vikombe viwili vya unga, elfu tatu.
Elfu saba kwa Candiru, jirani yangu,
kwa angara mmoja mkavu, mgongo umepinda
kama anayeinama kuomba radhi.
Haikubaki hata ya kiberiti.

Kisha mvua ikakataa kuondoka.
Muhogo ukaota ukungu juu ya mawe,
na kikombe kikatoka elfu moja na mia tano
kikasimama kwenye elfu mbili na mia tano.
Nikajiambia, Ayikoru, jiandae kufukuza inzi.
Kitu kikipanda, mkono hujikunja;
hata mtoto anayetumwa chumvi analijua hilo.

Mwalimu akaja. Akauliza bei. Akaiuliza tena,
kama anayebisha hodi nyumba anayojua haina mtu.
Kisha akasema, "Nipimie vitatu."

Vitatu?

Nikapima, nikidhani amepata mgeni.
Nyuma yangu Candiru akaguna,
angara wake wamelala vilevile walivyolala asubuhi.
Ndipo nikaelewa: bei yangu ilikuwa imemla samaki.
Viwili sasa ni elfu tano,
na elfu tano inayobaki haimgusi angara hata mkia.
Basi nafasi ya samaki tumboni ijazwe na nini,
kama si unga uleule uliomfukuza?
Elfu saba na mia tano kwangu,
zilizobaki zikaenda kwa majani ya kunde.
Nilipandisha bei, akanunua zaidi,
na sijawahi kuona mtu akinunua zaidi
kwa uso wa namna ile.

Candiru hakunisemesha siku tatu.

Nami nisikufiche: pindo la kitenge changu lilivimba.
Nilizoea sabuni ya kukatiwa kipande;
wiki ile nilinunua mche mzima,
nikaubeba bila kuufunga, wauone.
Nikanunua na mchele, kilo mbili.
Letaru binti yangu alipoona sahani nyeupe
akachungulia nje ya mlango:
"Mama, nani amekuja?"

Sikuwa na jibu. Pembeni ya jiko
unga wangu mwenyewe ulikuwa umefunikwa,
na nilikuwa nimepita karibu nao
bila kuutazama.

Jua limerudi sasa. Mawe yamejaa muhogo mweupe,
kikombe kimeshuka, na mimi nimerudi
kwenye kipande changu cha sabuni.
Candiru ananicheka tena, jambo linalonifurahisha
kuliko ninavyomwonyesha.

Jana walimu walilipwa malimbikizo.
Onzima alipita na kuku kwapani, kuku akilalamika,
akanisalimu kutoka ng'ambo ya barabara
kwa ukarimu wa mtu asiye na haja.
Nikaitikia. Nikamuuliza hali ya watoto.
Kisha nikaukunja mdomo wa gunia,
nikahesabu kwa vidole, nikavirudia vingine:
siku kumi na saba.