Bahari ya Chungu

Chumvi ilifika kwa basi la usiku kutoka Dar,
ndoo ya kilo kumi, mfuniko umezungushiwa gundi ya karatasi,
na karani wa vifurushi pale Nyegezi akaniuliza
kama Uvinza kumeisha.
Ile ni ya mchuzi, nikamwambia. Hii ni ya bahari.
Akageukia upande wa ziwa,
akanirudia mimi,
akanipa kalamu nisaini.

Kioo alikikata Fundi Sumbuka wa Mabatini,
lita sitini, pembe zake silikoni nyeusi.
Mara ya kwanza kilivuja.
Mara ya pili kilivuja kidogo, akasema hayo ni maendeleo.
Mara ya tatu nikakilalia magazeti siku tatu
na magazeti yakaamka makavu.

Maji ya bomba hayafai, yana dawa.
Maji ya ziwa hayafai, yana kila kitu.
Nikanunua ya dukani, yaliyochujwa, madumu matatu,
mtaa mzima wa Igogo ukajua nina shughuli.
Nikakoroga kwa mwiko mpya,
gramu thelathini na tano kwa kila lita,
hadi kipimo kikaelea pale kilipotakiwa.
Nikachovya kidole, nikalamba.
Mimi mzaliwa wa Ukerewe,
niliyezungukwa na maji pande zote nne
na yote hayana ladha,
nikakunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini.

Kisha kungoja.
Hakuna aliyenionya kwamba ufugaji wa samaki
huanza bila samaki.
Wiki tano za mawe, mchanga, na pampu inayonung'unika.
Mawe yakaota vumbi la kahawia, halafu nyuzi za kijani.
Kila jioni natia matone kwenye kichupa,
rangi inanijibu: bado.
Mama Ng'wasi alikuja kuomba kaa la moto, akachungulia.
"Unafuga mawe? Mwanza hii?
Si ungetoka tu nje ukachagua."

Kazini mimi ni kisu.
Kiwanda cha minofu, meza ya nne, mwaka wa kumi na moja.
Ubavu, ubavu, ngozi, panki kule.
Sangara hunifikia akiwa amekwisha kuona
yote aliyokuwa ayaone.
Nimewashika maelfu.
Sijamjua hata mmoja.

Wiki ya sita rangi ikanyamaza.
Akaja ndani ya mfuko uliovimba hewa,
wa chungwa, mikanda mitatu myeupe,
mfupi kuliko kidole gumba
nilichonusurika kukikata mwaka juzi.
Nikauacha mfuko uelee nusu saa, maji yasalimiane.
Pamoja naye kipande cha tumbawe, laini kama ndewe ya sikio,
kilichonuna siku mbili, kimejikunja,
kikafunguka usiku mmoja nikiwa nafua sare.

"Analiwa?"
"Haliwi."
"Sasa anafanya nini?"
Tukasimama tukamwangalia. Hakuwa anafanya kitu.
Tukaendelea kumwangalia
mpaka maharage ya Mama Ng'wasi yakaungua kule kwake.
"Maji ya kifuu," akasema mlangoni,
wala hakumalizia.

Umeme ulikatika saa saba usiku.
Pampu ikakohoa, kimya.
Nikavuta kigoda, nikashika kikombe,
nachota, namwaga toka juu, nachota, namwaga,
maji yapate pumzi,
mkono ule ule wa kisu,
hadi adhana ya alfajiri, hadi taa zikarudi.
Nje ziwa zima lilikuwa likipumua
bila kuombwa na mtu.

Kitu kimoja bado sijakizoea:
maji hupungua kila siku, upana wa kidole, yanapaa,
chumvi haipai.
Inabaki palepale, inazidi ukali.
Basi asubuhi, kabla ya zamu,
buti za kiwanda mguuni tayari,
naongeza maji matupu, yasiyo na chumvi,
kikombe na nusu, polepole, pembeni mwa kioo.
Yeye hupanda juu mbiombio,
akidhani ni chakula.